Nguo za Mama Mjamzito: Kuvaa kwa Starehe na Kupendeza bila Gharama Kubwa

Mama mjamzito wa Kegonga hahitaji kusafiri hadi Migori mjini wala Kisumu ili apate nguo za kumfaa. Vitenge, leso, mitumba na mafundi wa cherehani wanapatikana karibu katika masoko ya Kuria Mashariki. Kinachohitajika ni kujua jinsi mwili unavyobadilika, nguo gani inafaa kwa shughuli gani, na ni nini hasa cha kumwagiza fundi.

Jambo hili huonekana dogo, lakini linagusa afya moja kwa moja. Mama ambaye nguo zake zote zimembana huona haya kutoka nyumbani. Huacha kwenda kanisani, kwenye chama na hata kliniki. Wengine, hasa wasichana na wenye mimba ya kwanza, hujifunga leso kwa nguvu au kuvaa sweta kubwa mchana kutwa ili tumbo lisionekane. Wiki zinapita, na kliniki ya kwanza inachelewa.

Mtoto aliye tumboni amezungukwa na maji yanayomkinga, kwa hiyo si rahisi adhurike kwa sababu tu mama amevaa sketi iliyobana. Anayeumia kwanza ni mama mwenyewe: kiungulia huzidi, pumzi hukatika, ngozi huwasha na mgongo huuma. Hasara kubwa zaidi ya kuificha mimba ni huduma zinazokosekana. Katika hudhurio la kwanza la kliniki, mama hupimwa shinikizo la damu, mkojo, kiwango cha damu mwilini, virusi vya ukimwi na kaswende. Hupewa pia vidonge vya madini ya chuma na foliki, pamoja na chanjo ya pepopunda. Ndiyo maana hudhurio hilo linashauriwa lifanyike kabla ya wiki ya 12.

MWILI UNAVYOBADILIKA

Matiti ndiyo hutangulia. Katika wiki za mwanzo huanza kujaa na kuuma, na sindiria ya zamani hubana hata kabla tumbo halijaonekana. Kufikia wiki ya 12 hivi, mfuko wa uzazi huanza kupanda juu ya mfupa wa kinena. Karibu wiki ya 20 huwa umefika usawa wa kitovu, na wiki ya 36 hukaribia chini ya kifua. Mama aliyekuwa na uzito wa kawaida kabla ya mimba hutarajiwa kuongeza kati ya kilo 11 na 16 kwa jumla, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja baada ya mwezi wa nne.

Kutokana na hali hiyo, haifai kununua nguo nyingi mapema. Miezi mitatu ya kwanza, nguo za kawaida hutosha zikilegezwa kidogo. Suruali au sketi isiyofunga kiunoni huweza kuvaliwa wiki kadhaa zaidi kwa njia rahisi: kipande cha lastiki hupitishwa kwenye tundu la kifungo, kisha ncha zake huzungushwa kwenye kifungo chenyewe. Blauzi ndefu ikivaliwa juu, pengo hilo halionekani.

KITAMBAA KINACHOFAA

Mjamzito husikia joto na kutoka jasho kuliko kawaida. Pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa. Nailoni na poliesta nzito huzuia joto na kuongeza mwasho, hasa chini ya matiti na mapajani. Leso za pamba na kitenge laini ni chaguo zuri. Kitenge kipya chenye wanga mwingi kifuliwe kwanza kabla ya kushonwa, kwa sababu baadhi ya vitambaa huruka vikifuliwa, na gauni lililotosha siku ya kwanza huweza kubana baada ya wiki moja.

Asubuhi na usiku, baridi ya nyanda za juu za Kuria huhitaji nguo nzito. Ni afadhali kuvaa nguo mbili nyepesi zinazoweza kupunguzwa jua likipanda kuliko koti moja zito. Sweta ya kufungwa mbele hufaa zaidi kuliko ya kuvaliwa kichwani, kwani huachwa wazi tumbo likikua.

Nguo za ndani ziwe za pamba, mpya, na zenye rangi ya kung'aa. Rangi hiyo humsaidia mama kuona mara moja damu au majimaji yasiyo ya kawaida. Sindiria iwe na mikanda mipana na isiache alama nyekundu begani.

CHA KUMWAMBIA FUNDI

Gauni moja lililoshonwa vizuri linaweza kuvaliwa kuanzia mwezi wa nne hadi mtoto anapoacha kunyonya. Fundi aagizwe mambo matano.

Kwanza, gauni likatwe chini kidogo ya matiti, si kiunoni. Kuanzia hapo kitambaa kiachwe kishuke na marinda mbele ili tumbo lipate nafasi.

Pili, mabega na kifua vipimwe vikae sawasawa. Hapa ndipo uzuri wa nguo ya mjamzito ulipo. Nguo iliyo kubwa kote humfanya mama aonekane kama amevalishwa gunia. Ikikaa vizuri begani na kifuani kisha ikalegea tumboni, huonekana imeshonwa kwa ajili yake.

Tatu, pindo la mbele lizidi la nyuma kwa sentimita 5 hivi. Tumbo likikua huinua nguo mbele, na gauni lililokatwa sawa huonekana fupi upande mmoja.

Nne, kitambaa cha ziada cha sentimita 3 au 4 kiachwe ndani ya mshono wa kila ubavu. Mwezi wa saba ukifika, fundi hufumua na kuachia bila kununua kitambaa kingine. Baada ya kujifungua, gauni hilo hilo hupunguzwa.

Tano, kuwe na vifungo mbele, au zipu mbili zilizofichwa kwenye mishono ya kifua, kwa ajili ya kunyonyesha.

Mama apimwe akiwa amesimama wima na kupumua kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Anayeshona akiwa na mimba ya miezi minne amweleze fundi hivyo, ili asimpime kwa tumbo la siku hiyo pekee.

KUCHAGUA MITUMBA

Kwenye rundo la mitumba, wengi huchukua nguo iliyo kubwa kuliko zote. Ni bora kuangalia umbo. Magauni yaliyokatwa chini ya matiti, blauzi ndefu zinazopanuka chini, na sketi zenye lastiki pana hukaa vizuri hata kama hazikutengenezwa kwa wajawazito. Katika mitumba hupatikana pia suruali za wajawazito zenyewe. Hutambulika kwa kitambaa kipana kinachovutika badala ya mkanda na zipu.

Lastiki ivutwe na kuachiwa ili kuona kama ingali hai. Nguo ifuliwe kwa sabuni, ianikwe juani na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Kwa rangi na maua, kila mama ana apendacho. Mistari ya kushuka na rangi moja kutoka juu hadi chini humfanya mtu aonekane mrefu, na shingo ya gauni yenye umbo la V huvuta macho kuelekea usoni. Anayejivunia tumbo lake anaweza kufunga utepe mwepesi juu yake, chini ya matiti, likaonekana wazi. Hakuna ubaya wowote katika hilo.

SIKU YA KLINIKI

Muuguzi anahitaji kupima shinikizo la damu mkononi na kupapasa tumbo. Nguo ya vipande viwili, yaani blauzi na sketi, hurahisisha kazi hiyo kuliko gauni linalolazimika kuvuliwa lote. Mikono ya blauzi iwe mipana, ipande hadi juu ya kiwiko bila kubana. Leso moja mkobani humstiri mama akiwa kitandani. Kwa maandalizi haya machache, mama anayeona haya kuvuliwa nguo mbele ya watu huwa na sababu moja pungufu ya kukosa kliniki.

KWENYE BODA BODA

Wajawazito wengi hufika kliniki kwa boda boda. Dera pana, leso inayoning'inia au ncha ya shali huweza kunaswa na mnyororo au gurudumu na kumvuta abiria chini. Kabla ya kuondoka, nguo ikunjwe na kukaliwa, na leso ifungwe fundo. Suruali nyepesi au taitsi isiyobana ikivaliwa ndani ya dera, mama anaweza kukaa kwa kutanua miguu, jambo lililo salama zaidi kuliko kukaa upande. Sheria pia inamtaka abiria avae kofia ya usalama. Mwendeshaji aombwe aende polepole.

KAZI ZA SHAMBA

Kwa familia zinazolima tumbaku, mavazi ni suala la usalama. Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande au maji ya mvua hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuumwa kichwa, ambazo mjamzito huweza kuzidhania ni za mimba. Nikotini hiyo humfikia mtoto tumboni. Mjamzito hapaswi kuvuna wala kubeba majani hayo. Kazi hiyo ifanywe na wengine nyumbani. Watakaoifanya wavae mikono mirefu, glavu na gumbuti, na wabadilishe nguo zikilowa.

Vivyo hivyo kwa dawa za kunyunyizia mimea. Mjamzito asinyunyize dawa, na nguo za aliyenyunyiza zisichanganywe na za familia wakati wa kufua. Mume au kijana aliyezivaa azifue mwenyewe.

Kwa shughuli nyingine za shambani, sketi pana inayofika chini ya goti, kofia na viatu vilivyofunika vidole hufaa. Slipa huteleza kwenye matope, na uzito wa tumbo humfanya mama ayumbe kwa urahisi. Kiatu kiwe na soli isiyoteleza na kisigino kifupi. Jioni, mikono mirefu na nguo inayofunika miguu hupunguza kuumwa na mbu. Migori iko katika ukanda wa ziwa wenye malaria nyingi, hivyo wajawazito hupewa chandarua na, kuanzia wiki ya 13, dawa ya kuzuia malaria kliniki. Nguo ndefu huongeza kinga hiyo. Haichukui nafasi yake.

SHULENI NA KAZINI

Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 kuhusu wanafunzi kurejea shuleni unaruhusu msichana mjamzito aendelee na masomo. Sketi ya sare huweza kuongezwa kitambaa cha rangi ile ile ubavuni na kuwekwa lastiki. Mzazi anayegharamia ushonaji huo mdogo humwondolea binti sababu ya kujifunga tumbo darasani. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kubaguliwa kwa sababu ya mimba, na inatoa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili. Mfanyakazi anayevaa sare amjulishe msimamizi wake mapema ili apatiwe inayomtosha.

NGUO ZINAPOTOA ONYO

Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida mimba inapokomaa. Pete ikikataa kutoka ghafla, uso ukivimba, au viatu vya jana visipoingia leo, hasa pamoja na maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au maumivu juu ya tumbo, huenda shinikizo la damu limepanda. Hali hiyo inahatarisha maisha ya mama na mtoto. Damu au maji kwenye nguo ya ndani ni dalili nyingine ya hatari. Mama aende hospitalini saa hiyo hiyo, usiku au mchana, bila kungoja siku ya kliniki. Asizuiwe na kutafuta nguo nzuri ya kuvaa.

MKOBA WA KUJIFUNGUA

Kufikia wiki ya 36 mkoba uwe tayari: leso mbili au tatu safi, gauni la kulalia linalofunguka mbele, nguo za ndani, pedi, sweta, slipa, nguo na blanketi ya mtoto, pamoja na kijitabu cha kliniki. Tumbo halirudi mara moja baada ya kujifungua. Mama apange kurudi nyumbani akiwa amevaa nguo ile ile iliyomtosha mwezi wa sita au wa saba.

Mume, mama mkwe na dada wana nafasi katika haya yote. Kumnunulia mjamzito kitenge, kumpeleka kwa fundi au kumwazima gauni lililotumika na mwingine humpunguzia mzigo. Mwenye swali lolote kuhusu mimba amuulize mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwake, au afike Hospitali ya Kegonga au kituo cha afya kilicho karibu naye. Ambaye hajaanza kliniki aanze wiki hii, kwa nguo yoyote aliyonayo.