Fahamu: Boksi la ufundi wa watoto hutozwa ushuru wa nini?

Fungua boksi moja: shanga, uzi, mkasi butu, penseli za rangi, udongo wa kufinyangia. Kikija peke yake, kila kimoja kina namba yake ya forodha: mkasi 8213, penseli 9609, udongo 3407. Vikifungwa pamoja, mfanyabiashara wa Eldoret anayepokea mzigo pale uwanja wa ndege alipie namba ipi?

Kanuni ya 3 ya mfumo wa kimataifa wa namba hizo za forodha (HS), unaotumiwa Afrika Mashariki, inasema seti ya rejareja hufuata kitu kinachoipa sura yake kuu. Kisipopatikana, huchukuliwa namba inayokuja mwisho kwa mpangilio kati ya zinazostahili sawa. Seti ikiwa hasa ya kuchezea, huingia 9503, kwenye vichezeo.

Hapo ndipo pesa zilipo. Tangu Julai 2022 viwango vikuu vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na VAT hutozwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wenyewe. Kuandika “vifaa vya shule” kwenye ankara hakumfungi afisa wa forodha. Yeye hutazama kilichomo. Ningekuwa mwagizaji, ningeiomba Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) uamuzi wa mapema kwa maandishi, nikiambatisha sampuli, kabla sijamtumia muuzaji hata shilingi moja.