Wasiwasi na Hofu ya Ghafla: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuanza Dawa

Moyo huanza kwenda mbio bila sababu inayoonekana. Pumzi hubana, vidole hufa ganzi, jasho hutoka, na mtu huamini kwamba anakufa papo hapo, ndani ya daladala au katikati ya foleni ya benki. Hali hiyo hupanda kwa kasi, mara nyingi ikifikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hupungua yenyewe. Mgonjwa akifika hospitali, mapigo yamekwisha kutulia na kipimo cha moyo hakionyeshi kasoro, naye huambiwa hana ugonjwa. Siku chache baadaye hali hurudi. Ikijirudia mara tatu au nne, huacha kupanda daladala, huacha kwenda sokoni, na kuogopa kwamba hofu itarudi humtesa kuliko hofu yenyewe.

Sura hii tumeiandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule ambaye wasiwasi wake hauji kwa ghafla ila hukaa naye mchana kutwa, miezi na miezi, ukimnyima usingizi. Wote wawili hufika mahali pa kujiuliza: nitumie dawa au nisitumie? Kabla ya kujibu ni lazima kujua ni dawa ipi inayozungumzwa, kwa maana zinazoitwa kwa pamoja "dawa za wasiwasi" zina tabia zinazopingana. Zipo zinazotuliza ndani ya saa moja, lakini mwili ukizizoea huwa taabu kuziacha. Zipo nyingine ambazo hukawia wiki kadhaa kabla ya kuonyesha faida, nazo hazileti uraibu. Asiyejua tofauti hiyo hununua za kwanza akidhani amepata matibabu, au huzitupa za pili siku ya tano akidhani ameuziwa dawa bandia.

Tuanze na zile za haraka. Inayojulikana zaidi ni diazepamu, ambayo wengi huiita Valium. Utulivu wake ni wa kweli, na hapo ndipo ulipo mtego. Baada ya wiki chache za kuimeza kila siku, kipimo cha awali hakitoshi tena. Ikikosekana, wasiwasi hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, pamoja na kutetemeka, kukosa usingizi, na wakati mwingine kifafa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haupendekezi dawa za jamii hii kwa kutibu ugonjwa wa wasiwasi au hofu ya ghafla kwa watu wazima. Huziachia nafasi ya dharura tu, kwa siku 3 hadi 7. Humpunguzia dereva wepesi wa kuona na kuamua, humwangusha mzee akiamka usiku, na zikichanganywa na pombe au na dawa kali za maumivu kama tramadoli zinaweza kuzima pumzi. Ikiwa umekwisha kuzitumia kwa miezi, usiziache ghafla kwa sababu ya kusoma kijitabu hiki. Mwone daktari akupangie kupunguza kidogo kidogo.

Za polepole ni kama fluoksetini, setralini na sitalopramu. Hizi huongeza kazi ya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya chembe za ubongo. Wengi huzifahamu kama dawa za sonona, nao hushtuka wakiandikiwa kwa ajili ya wasiwasi. Daktari hajakosea, kwani hutumika kwa magonjwa yote mawili. Faida huanza kuonekana baina ya wiki ya pili na ya sita. Kabla ya hapo mtumiaji anaweza kupata kichefuchefu, kuumwa kichwa au kubadilika kwa usingizi, na jambo lisilosemwa mara nyingi: wasiwasi wenyewe unaweza kuongezeka kidogo katika siku za mwanzo. Kwa mgonjwa ambaye tayari huhesabu kila pigo la moyo wake, hilo linatosha kumfanya aache. Ndiyo sababu daktari mwangalifu huanza na kipimo kidogo na kukipandisha taratibu. Usipoelezwa hivyo, uliza.

Yapo pia mengine ambayo aibu huyaficha. Dawa hizi zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kilele chake, kwa wanaume na kwa wanawake. Mtu huona haya kumweleza daktari, huacha dawa kimyakimya, na nyumbani hubaki ugomvi usio na maelezo. Tatizo hilo lina njia za kushughulikiwa, ikiwamo kubadili dawa, ila ni lazima litajwe. Kwa vijana walio chini ya miaka 25, wa nyumbani wawe karibu hasa wiki za kwanza; fikra za kujidhuru zikijitokeza, kijana arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Mwambie daktari pia kama uliwahi kupitia kipindi cha uchangamfu uliopitiliza, ukakaa siku bila usingizi wala kuchoka, kwa kuwa huenda ukahitaji matibabu ya namna nyingine. Mjulishe kama una mimba au unanyonyesha, na umtajie kila unachomeza: tramadoli, dawa za kifua kikuu sugu, dawa za maumivu kama ibuprofeni zinazoweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, na mitishamba. Daktari hawezi kukukinga na mchanganyiko asioujua.

Mara nyingine utaandikiwa amitriptilini, dawa ya zamani. Inaweza kusaidia, lakini hukausha kinywa, hufunga choo, huleta usingizi, na ikimezwa kwa wingi hudhuru moyo na kuua. Ifungiwe mbali na watoto na mbali na yeyote aliyekata tamaa. Propranololi hupunguza mapigo na kutetemeka tu, nayo ni ya hatari kwa mwenye pumu.

Kabla ya zote hizo, hakikisha kwamba unachotibu ni wasiwasi. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari kushuka, dawa ya pumu ya salbutamoli, mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa nyingi, vyote vinaweza kuukimbiza moyo vilevile. Tumekusudia kusema pia kwamba maumivu ya kifua yanayokujia kwa mara ya kwanza si ya kusubiri kijitabu: nenda hospitali.

Ipo njia isiyo ya vidonge, nayo haistahili kutajwa kama nyongeza tu. Katika tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na mwenendo, aliyeacha kupanda daladala hupanda tena kituo kimoja akiwa na mtaalamu au ndugu, hofu ikapanda, asikimbie, mpaka aone kwa macho yake kwamba inashuka. Kesho vituo viwili. Kwa wengi hufaa sawa na dawa, na manufaa yake huelekea kudumu baada ya tiba kwisha. Kikwazo ni uchache wa wataalamu. Huduma za afya ya akili zipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma, na katika hospitali za rufaa. Aliye mbali aanze kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa. Sala na mashauri ya wazee humpa mtu nguvu, nasi hatuna neno nayo, mradi asiambiwe aache matibabu.

Kwa maoni yetu, mwenye wasiwasi mwepesi wa wiki chache baada ya msiba au kuachishwa kazi anaweza kungoja na kutafuta ushauri kwanza. Aliyeshindwa kufanya kazi, asiyetoka nyumbani, mwenye sonona pamoja na wasiwasi, au asiyeweza kumfikia mtaalamu wa mazungumzo, ana sababu nzuri ya kukubali dawa za polepole. Si udhaifu wa imani, wala si dalili ya kichaa.

Akikubali, apige hesabu. Nafuu ikipatikana, dawa huendelea kwa miezi 6 hadi 12 au zaidi ili ugonjwa usirudi. Uliza bei ya mwezi mmoja, uizidishe mara 12, uulize kama bima yako inailipa na kama famasi ya karibu huwa nayo wakati wote. Dawa inayoanzwa leo na kukosekana mwezi wa tatu huleta kizunguzungu, kichefuchefu na hisia kama za umeme kichwani, kisha wasiwasi wa zamani. Ni afadhali kuchagua iliyo rahisi na inayopatikana kuliko iliyo mpya na ya kuagizwa mbali.

Nunua famasi iliyosajiliwa, kwa cheti cha daktari, na udai risiti. Tazama jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukipewa vidonge katika bahasha, visipokelewe kabla jina na kipimo havijaandikwa juu yake. Madhara usiyoyatarajia yaripotiwe katika kituo cha afya ili yafikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Weka daftari dogo tangu siku ya kwanza: siku hofu ilipokujia, ilidumu kwa muda gani, usingizi ulikuwaje, na ni mahali gani ulipoweza kwenda ambapo mwezi uliopita hukuthubutu. Nenda nalo kwa daktari siku ya kurudi, maana ni kwa maandishi hayo mtaamua pamoja kama kipimo kiongezwe, dawa ibadilishwe au muendelee vilevile.