Je, Wajua? Kodi, bima na bunduki za jukwaani

Je, wajua kwamba ndani ya Sh10,000 unayolipa taslimu Kariakoo hakuna VAT ya Sh1,800? Nunua kitenge Mtaa wa Kongo kwa muuzaji aliyesajiliwa VAT, dai risiti, uisome pale pale kabla hujaikunja: mstari wa kodi utakuonyesha kama Sh1,525. Asilimia 18 hupigwa juu ya bei kabla ya kodi, siyo juu ya bei unayotoa mfukoni. Mgombea akikutajia 1,800, mpe kikokotoo.

Je, wajua kwamba hata mnunuzi asiyedai risiti anaweza kupigwa faini, kuanzia Sh30,000 hadi Sh1,500,000? Hili kwenye kampeni halitajwi. Halileti kura.

Je, wajua kwamba tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Julai 15, 2021, ilipewa jina la "tozo ya mshikamano"? Ilikuwa Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala. Mfanyabiashara wa Msimbazi akimtumia mama yake hela Kigoma, alikatwa yeye wakati wa kutuma, na mama akakatwa tena alipofika kwa wakala kutoa, kwa hela ile ile. Serikali ilisema tozo hizo zinajenga vituo vya afya, madarasa na barabara. Kelele zikawa kubwa: Septemba 2021 zikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 zikapunguzwa tena, na bajeti ya 2023 ikafuta tozo ya kutuma. Ya kutoa ikabaki. Basi aliyekuambia mwaka ule kwamba tozo zimefutwa alikuficha kitu, na aliyedai hakuna kilichobadilika naye alikuficha kitu.

Je, wajua kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 haikuahidi matibabu ya bure? Bima ni ya kuchangia. Wasio na uwezo ndio wanaolipiwa na mfuko maalumu, na sheria imetaja utakapochota: vinywaji, vipodozi, michezo ya kubahatisha, bima za magari. Anayebeti pale Gerezani kumbe naye ni mfadhili wa afya, ingawa hakuna anayempigia makofi.

Je, wajua kwamba Juni 2025 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alipendekeza Sh20 kwa kila lita ya bia na Sh10 kwa kila lita ya mafuta, huku sehemu kubwa, asilimia 70, ikienda Mfuko wa UKIMWI na asilimia 30 tu bima ya afya? Ukisikia "kodi ya bima", uliza mgawanyo.

Je, wajua kwamba viongozi wa Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya? Mpaka leo nchi nyingi hazijafika hapo.

Je, wajua kwamba Mkataba wa Biashara ya Silaha wa Umoja wa Mataifa hauchukui bunduki ya raia nyumbani kwake? Wanasiasa wa Marekani wameuza hofu hiyo kwa miaka. Mkataba, uliopitishwa Aprili 2, 2013, unahusu silaha zinazovuka mipaka, na utangulizi wake unaacha umiliki wa ndani kwa sheria za kila nchi. Marekani ilitia saini Septemba 2013 lakini Seneti haikuuridhia, na Aprili 2019 Donald Trump akatangaza kuiondoa saini hiyo akiwa kwenye mkutano wa chama cha wamiliki wa bunduki. Makofi yalikuwa mengi kwa kitu ambacho hakijawahi kuifunga nchi yake.

Je, wajua kwamba kwetu Tanzania umiliki wa bunduki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyotungwa Dodoma, siyo Umoja wa Mataifa kule New York?

Na je, wajua kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 7 zilizoasisi mchakato wa mkataba huo? Tanzania ilitia saini siku ya kwanza kabisa, Juni 3, 2013. Kenya haikutia.