Uganda: Je, ni haki msichana kuongezewa alama?

Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala kilianza kumwongezea alama 1.5 kila msichana aliyeomba nafasi na kutimiza sifa za chini za kujiunga. Idadi ya wanawake chuoni hapo iliongezeka sana katika miaka iliyofuata. Hata hivyo, swali la kimaadili limebaki: je, mvulana aliyekosa nafasi kwa tofauti ya alama moja alidhulumiwa?

Wanaopinga utaratibu huo hutegemea kanuni ya stahili. Kwao, nafasi ni ya aliyefaulu zaidi, na kijana wa leo hapaswi kulipia makosa ya jamii ambayo yeye hakuyatenda.

Watetezi wana hoja mbili, ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza hutazama nyuma. Ni haki ya kurekebisha, fikra inayojulikana tangu zama za Aristotle: aliyepunjwa arudishiwe chake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imefuata njia hiyo. Ibara ya 33 inawapa wanawake haki ya upendeleo maalumu ili kuondoa tofauti zilizoletwa na historia, mila na desturi.

Hoja ya pili hutazama mbele. Kwa mtazamo wa manufaa, uliotetewa na mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, kitendo hupimwa kwa matokeo yake. Madaktari, mawakili na walimu wanawake wakiongezeka, taifa zima hufaidika.

Kila hoja ina sharti lake. Ikiwa lengo ni manufaa, upendeleo una ukomo: lengo likifikiwa, sababu yake huisha. Ikiwa ni fidia, lazima imfikie aliyeumia. Hapo ndipo wakosoaji wengi walipoelekeza lawama. Walionufaika zaidi walikuwa wasichana wa shule bora na familia zenye uwezo. Msichana wa kijijini aliyeacha masomo kabla ya kidato cha sita hakuwa na matokeo ya kuongezewa chochote.

Mmarekani John Rawls alifundisha kwamba tofauti katika jamii zinakubalika pale tu zinapomfaa zaidi aliye chini kabisa. Kwa kipimo hicho, utaratibu wa Makerere unaweza kutetewa, lakini hautoshi. Alama za ziada zilitolewa mlangoni mwa chuo, ilhali wasichana wengi walikuwa wamekwama njiani, katika shule za msingi na sekondari.