Uchungu wa hopsi wapimwa kwenye chungu cha malwa Kalerwe

KAMPALA. Saa kumi na mbili jioni, Kalerwe haina pa kukanyaga. Malori yanashusha matooke kando ya barabara ya Gayaza, bodaboda zinapenya kati ya mafungu ya nyanya, na nyuma ya vibanda vya soko wanaume saba na wanawake wawili wamekizunguka chungu kimoja cha malwa, kila mmoja na mrija wake. Mimi ni wa kumi, na mkobani nina chupa nne za bia.

Bia hiyo si ile tuliyoizoea. Imetengenezwa na kiwanda kidogo, ni ya aina inayoitwa IPA, ina kilevi cha asilimia 6.5 na hopsi nyingi kuliko bia za kila siku. Bia za namna hii sasa zinapatikana Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, hasa katika baa za wenye uwezo. Nilitaka kujua watu wanaokijua kinywaji chao vizuri wangeihukumu vipi.

Hopsi ni maua ya mmea unaopanda kwenye kamba, wa ukoo mmoja na bangi. Ndiyo yanayoipa bia uchungu na sehemu kubwa ya harufu yake, na pia huzuia bakteria wanaoichachisha. Ndiyo maana Waingereza wa karne ya 18 waliyaongeza katika bia iliyosafiri kwa meli miezi kadhaa hadi India, na nchi hiyo ikabaki katika jina la IPA. Wamarekani waliifufua bia hiyo miaka ya 1970, wakitumia hopsi zenye harufu ya machungwa na msonobari.

Wapo watu waliosomea kuihukumu. Chama cha Marekani cha BJCP, kilichoanzishwa mwaka 1985, hufunza waamuzi wa mashindano ya bia. Alama zao ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na 10 za jumla. Niliandika mgawanyo huo kwenye daftari, nikawaeleza wenzangu, nikafungua chupa ya kwanza.

Nilikosea mapema. Chupa ilikuwa imetoka kwenye barafu muda huo huo, nami nikaipitisha mkono kwa mkono. Fundi mmoja wa viatu alimeza, akakunja uso.

“Ssebo, hii ni mululuza,” alisema, akitaja majani machungu ambayo wengi hapa huchemsha kwa ajili ya malaria. Wengine walicheka, na alama zikaanza kushuka.

Mama mwenye chungu hakucheka. Yeye hupika malwa mwenyewe: huchachusha unga wa ulezi, huukaanga, kisha huuchachusha tena kwa kimea. Aliagiza vikombe, akataka chupa ya pili iachwe kwanza ipoe ubaridi. “Kitu cha baridi hakisemi,” alisema.

Alikuwa sahihi. Baridi kali huifunga harufu na kuuacha uchungu peke yake. Baada ya robo saa bia ilimiminwa taratibu, povu likasimama. Mama alinusa mara mbili kabla ya kuonja, kama anavyonusa chungu kabla ya kukitia maji ya moto. Safari hii mezani walitaja maganda ya chungwa, kisha embe. Fundi wa viatu alikubali kuwa uchungu ulikuwa bado mkali, ila sasa ulikuwa na utamu wa kimea wa kuubeba. Bia ikapata 36.

Chupa ya tatu ilipata alama hizo hizo. Ya nne mama aliipeleka puani, akairudisha mezani bila kuionja.

“Hii imekaa juani,” alisema.

Lebo ilikuwa moja, bei moja. Lakini zile tatu nilizinunua kutoka kwenye friji ya duka moja, na hiyo ya nne katika duka jingine, kwenye rafu iliyo karibu na dirisha. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Mwanga wa jua huvunja chembe za hopsi na kuzaa harufu kama ya kicheche, na chupa za kijani kama zile hazizuii mwanga kama za kahawia. Mimi nilikuwa nimeandaa daftari la alama, lakini aliyeikamata bia mbovu ni mwanamke ambaye hajawahi kuonja IPA kabla ya jioni hiyo.

Kisha akauliza swali ambalo halimo katika daftari la waamuzi: ndani yake kuna ulezi kiasi gani?

Hakuna. Kimea chake ni cha shayiri, na hopsi zimeagizwa kutoka nje. Mmea huo hupenda siku ndefu za kiangazi cha nchi za mbali na ikweta, ilhali mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima. Lakini uchungu katika pombe si jambo geni kwetu. Wachaga wa Kilimanjaro hutia gamba la mti wa msesewe katika mbege, inayopikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, ili kuukata utamu wa ndizi. Ulezi huo huo umo katika busaa ya magharibi mwa Kenya. Nafaka zetu pia zimeshaingia kiwandani: mwaka 2002 Nile Breweries ilileta Eagle Lager, bia ya mtama wa Epuripur unaolimwa na wakulima wa Uganda.

Kwa hiyo kiwanda kidogo kinachotaka soko la Afrika Mashariki kingeweza kuanza na kimea cha ulezi na msesewe, na kumwita mama kama huyu aonje kabla ya lebo kuchapishwa. Kingehitaji pia kuangalia bei. Chupa moja ilinigharimu karibu mara tatu ya Nile Special, ambayo nayo ina kilevi cha asilimia 5.6.

Dereva mmoja wa bodaboda alionja funda moja tu la kila chupa, akarudisha kikombe. Alikuwa na abiria wa Gayaza, na asilimia 6.5, alisema, si ya mtu anayerudi barabarani.

Giza lilipoingia, chupa ya nne ilikuwa bado imejaa. Mama aliimwaga mtaroni, akachukua birika, akaongeza maji ya moto kwenye chungu, kisha akanipa mrija.

“Sasa wewe,” alisema, “nipe alama.”