Bibi wa Kisugu na Sokwe wa Ngogo

Nje ya wodi ya wazazi katika Kituo cha Afya cha Kisugu, Kampala, hukosi kumwona mama wa makamo mwenye chupa ya uji na beseni, akisubiri kuitwa. Akishapakatishwa kichanga, uchovu wa kukesha humtoka usoni. Tangu saa hiyo yeye ni jjajja, yaani bibi kwa Kiganda. Nyumbani atachemsha kyogero, maji ya mitishamba ambayo Waganda huwaogeshea watoto wachanga, na majirani watakuja kumpongeza yeye kama wanavyompongeza mzazi. Furaha hii tumeizoea hata hatuulizi chanzo chake. Wanasayansi wameuliza, na baadhi ya majibu wameyapata hapahapa Afrika Mashariki.

Tuanze na mwili. Mtoto wa kike huumbiwa mayai yake akiwa bado tumboni. Kufikia wiki ya 20 ya ujauzito huwa na mayai machanga yapatayo milioni 6 au 7, na anapozaliwa hubaki na kama milioni 1 au 2. Maana yake ni kwamba bibi mzaa mama, alipokuwa na mimba ya binti yake, alikwisha kulibeba yai ambalo miaka mingi baadaye lingekuwa mjukuu. Babu na bibi wengine hawakosi fungu lao: kwa wastani, kila mmoja humrithisha mjukuu robo ya jeni zake.

Ubongo nao una habari zake. Mwaka 2021, James Rilling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwapima bibi 50 kwa mashine ya MRI huku wakiwaonyesha picha. Walipomwona mjukuu, ziliamka sehemu za ubongo zinazomwezesha mtu kuhisi anachohisi mwenzake. Walipomwona mtoto wao wa kumzaa, ambaye sasa ni mtu mzima, zilifanya kazi zaidi sehemu za kutafakari anawaza nini na kwa nini. Mwana, bibi humfikiria; mjukuu, bibi hucheka na kulia naye.

Lakini kwa nini tuwe na bibi kabisa? Wanyama wengi huzaa hadi karibu na kufa, ilhali mwanamke hukoma hedhi akiwa na miaka kama 50 na bado ana miongo mbele yake. Miaka ya 1980, Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadza, wawindaji na wachumaji wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, Tanzania. Waliona vikongwe wakichimba mizizi kwa bidii kuliko walivyotarajia. Mama aliponyonyesha kichanga, muda wake wa kutafuta chakula ulipungua, na uzito wa mtoto aliyetangulia ukategemea jasho la bibi. Hapo ikazaliwa nadharia kwamba maisha yetu marefu yametokana na bibi waliowalisha wajukuu.

Uganda imeongeza fundo katika hoja hiyo. Mwaka 2023, Brian Wood na wenzake walitangaza kwamba sokwe jike wa Ngogo, katika Hifadhi ya Kibale magharibi mwa nchi, nao hukoma kuzaa na kuendelea kuishi karibu moja ya tano ya utu uzima wao. Hata hivyo hawalei wajukuu. Binti wa sokwe akibalehe huhamia kundi jingine, hivyo mama hamjui mtoto wa bintiye. Basi uzee pekee haumfanyi mtu kuwa bibi. Kinachomfanya ni kubaki karibu na kushika kazi.

Na kazi hiyo huokoa maisha. Rebecca Sear na Ruth Mace walichambua kumbukumbu za vijiji vya Gambia za kati ya 1950 na 1974, wakakuta kwamba watoto wenye bibi mzaa mama aliye hai walinawiri na kupona zaidi, hasa umri wa kuachishwa ziwa.

Mlezi naye hufaidika, ila kwa kipimo. Huko Berlin, wazee wake kwa waume waliowaangalia wajukuu mara mojamoja waliishi muda mrefu kuliko wasiowaangalia. Nchini Australia, utafiti wa 2014 ulionyesha kwamba bibi waliokaa na wajukuu siku moja kwa wiki walifanya vizuri katika majaribio ya akili, na waliokaa nao siku tano au zaidi wakashuka.

Kipimo hicho kinaihusu Kisugu. Nusu ya wanawake wa Uganda huzaa mara ya kwanza kabla ya kufikisha miaka 20, kwa hiyo wengi huitwa jjajja wakiwa na miaka arobaini na kitu, bado wana genge katika mtaa wa Namuwongo na watoto wao wenyewe shuleni. Ruzuku ya serikali kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, bado iko mbali nao kwa miongo. Wengine wamewalea wajukuu peke yao tangu UKIMWI ulipowachukua wazazi.

Ewe mzazi kijana, mpelekee mama yako mjukuu amfurahie, na usiende mikono mitupu: peleka na sabuni, maziwa na nauli. Jioni ikifika, mfuate mtoto wako.