Haipo, Haionekani, Haifikiki: Lugha ya Kutafuta Hitilafu katika Hifadhi ya Mtandao

Maneno haipo, haionekani na haifikiki hutumiwa kila siku kana kwamba yana maana moja. Mtu aliyekosa kalamu mezani husema haipo au haionekani, na msikilizaji hajali tofauti. Katika kazi ya seva tofauti hiyo ni kubwa. Neno la kwanza linasema kitu kimetoweka. La pili linasema jicho halikioni. La tatu linasema kitu kipo lakini njia ya kukiendea ina kasoro. Fundi anayepokea taarifa huamua hatua ya kwanza kwa kulifuata neno aliloandikiwa.

Ichukuliwe shule ya mfano iliyoko Olasiti, upande wa magharibi wa Jiji la Arusha. Shule hiyo ina seva moja inayoendesha mfumo wa matokeo ya mitihani, na kando yake kuna kifaa cha hifadhi chenye diski kadhaa. Vifaa hivyo viwili vimeunganishwa kwa nyaya kupitia swichi. Matokeo yamo katika hifadhi, lakini watumiaji huyaona ndani ya seva, katika folda iitwayo “matokeo”. Usiku umeme unakatika. Unaporudi, seva huwaka upesi kuliko hifadhi. Hujaribu kuifikia, hushindwa, kisha huendelea na kazi nyingine. Asubuhi folda ya “matokeo” ipo mahali pake, lakini ni tupu.

Mhudumu anaandika katika daftari la zamu: “Matokeo hayapo.” Mwalimu anayesoma maneno hayo anaelewa kwamba kazi ya muhula imepotea, naye anaanza kuingiza alama upya. Alama hizo mpya haziendi kwenye hifadhi. Zinaandikwa katika diski ya seva yenyewe, ndani ya folda ile tupu. Mchana fundi anairudisha hifadhi: alama za zamani zinatokea, na zile mpya zinafunikwa chini yake zisionekane. Sasa kuna seti mbili za matokeo, na kila moja kwa zamu yake imedhaniwa kuwa imepotea. Kama daftari lingesema “Hifadhi haijapachikwa”, hakuna ambaye angegusa kibodi.

Hifadhi ya mtandao na hifadhi ya mtandaoni

Kwa wakazi wa Arusha neno hifadhi huleta kwanza picha ya wanyamapori: Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko kwenye miteremko ya Mlima Meru. Maana ya msingi, kutunza kitu kisidhurike, ni ileile katika kompyuta. Kinachohitaji uangalifu ni kivumishi. Hifadhi ya mtandaoni hueleweka na wengi kuwa huduma iliyo mbali, inayofikiwa kwa intaneti. Hifadhi ya mtandao wa ndani ni kifaa kilicho chumba kimoja au jengo moja na seva. Mfasiri anayechanganya majina haya humfanya fundi apigie simu kampuni ya intaneti ilhali waya uliochomoka uko miguuni pake.

Pachika na pachua

Kitendo cha kuifanya hifadhi ionekane kama folda ya seva huitwa vyema kupachika. Kitenzi hiki kinabeba wazo la kukitia kitu mahali palipoandaliwa, na folda ile tupu ndiyo mahali pake. Faida nyingine ni kwamba kina kinyume cha asili katika kauli ya kutendua: pachika, pachua, kama ilivyo bandika na bandua, chomeka na chomoa. Hivyo mwongozo unaweza kuagiza “pachua, kisha pachika upya” bila maelezo ya ziada.

Baadhi ya tafsiri huandika kuweka au kufungua mahali pa kupachika. Kuweka ni neno pana mno, maana hata faili huwekwa. Kufungua humfanya msomaji adhani kuna folda iliyofungwa inayosubiri kubofywa. Kusakinisha kunapotosha zaidi, kwa kuwa hakuna programu mpya inayoingizwa.

Kukatika, kukatwa, kukataliwa

Hapa minyambuliko ya Kiswahili inafanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa maneno mengi. Kauli ya kutendeka haimtaji mtendaji wala haidokezi kwamba yupo: muunganisho umekatika, kama umeme unavyokatika. Kauli ya kutendwa hudokeza kwamba kuna aliyetenda: muunganisho umekatwa. Kukataliwa kunatokana na kitenzi kingine kabisa, kataa, na kunadokeza kwamba kuna aliyesikia ombi akalikatalia.

Tofauti hizo zinalingana na hali halisi za mtandao. Seva inapoita hifadhi na kujibiwa mara moja kwamba hakuna huduma mlangoni, ujumbe sahihi ni “Muunganisho umekataliwa.” Kwa kawaida jibu hilo ni habari njema kiasi: kifaa kimewaka, waya ni mzima, anwani inafikika; kilichobaki ni kuiwasha huduma ya kugawa mafaili. Seva inapoita na kukutana na ukimya, ujumbe sahihi ni “Muda wa kusubiri umekwisha.” Huenda kifaa kimezimika, au kuna programu ya ulinzi inayotupa maombi bila kuyajibu. Seva isipojua hata pa kupitia, ujumbe ni “Hakuna njia ya kufika,” na uchunguzi huanzia kwenye waya, swichi na anwani. Mfasiri anayeziandika hali hizi tatu kwa sentensi moja, “Imeshindwa kuunganisha,” amemnyang’anya fundi ramani.

Neno mlango nalo lina matumizi yake maalumu. Kila huduma husikiliza katika mlango wenye namba: NFS hutumia 2049, SMB hutumia 445. Tafsiri za haraka huandika bandari, neno ambalo kwa msomaji wa Kiswahili ni mahali pa meli. Mlango hugongwa, hufunguliwa na hufungwa, na vitenzi hivyo vyote vinafaa katika maelezo ya hitilafu.

Haisomeki na huruhusiwi kusoma

Hifadhi inaweza kupachikwa ipasavyo na bado mtumiaji akashindwa kufungua faili. Haisomeki ni kauli ya kutendeka: kasoro imo ndani ya faili au diski. Huruhusiwi kusoma ni suala la ruhusa: faili ni zima, lakini msomaji hatambuliwi. Katika matumizi ya kawaida ya NFS mtumiaji hutambuliwa kwa namba, si kwa jina. Mwalimu aliyesajiliwa katika seva kwa namba 1001 anaweza kuwa amesajiliwa katika hifadhi kwa namba 1004. Jina ni lilelile, lakini hifadhi humwona kuwa mtu mwingine. Fundi aliyeambiwa “haisomeki” huenda akaanza kukarabati diski isiyo na ugonjwa, na ukarabati usiohitajika unaweza kuharibu data zilizokuwa salama.

Hali nyingine ni ya rejeo lililopitwa na wakati. Seva inakumbuka faili kwa alama iliyopewa zamani, lakini hifadhi haiitambui tena alama hiyo, pengine kwa sababu faili limefutwa au mpangilio umebadilishwa. Tiba ya kawaida ni kupachua na kupachika upya. Vilevile, programu inayoonekana kuganda huenda inasubiri tu: upachikaji wa aina ngumu huendelea kuiita hifadhi hadi ijibu, ilhali wa aina laini hukata tamaa baada ya muda na kutoa kosa, jambo linaloweza kuacha faili likiwa nusu. Kwa hiyo “inasubiri hifadhi” na “imekufa” si visawe.

Uzito wa neno haipo

Uzito wa suala hili haukomei shuleni. Nje kidogo ya Jiji la Arusha, eneo la Lakilaki, zinatunzwa kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015. Zimo karatasi, kanda na rekodi za kidijitali. Katika nyaraka za aina hiyo, ushahidi wa shahidi aliyekwisha kufariki hauwezi kuchukuliwa upya. Neno haipo likiandikwa mahali pa haifikiki, linaweza kufunga jalada ambalo lingefunguka kwa kurudisha waya mmoja.

Kiswahili kimekwisha kuonyesha kwamba kinaweza kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Msamiati wa mtumiaji wa mezani ulipata msingi. Msamiati wa chumba cha seva bado unahitaji uangalifu wa aina hiyohiyo.

Kwa matumizi ya kila siku, taarifa ya hitilafu inafaa ifuate mpangilio wa safari yenyewe: kifaa kimewaka au kimezimika, njia ipo au haipo, mlango unajibu, unakataa au uko kimya, hifadhi imepachikwa au haijapachikwa, mtumiaji ameruhusiwa au hakuruhusiwa, mwisho, faili linasomeka au halisomeki. Neno haipo litumike kwa faili pale tu hatua hizo zote zimekwisha kuthibitishwa. Kabla ya hapo, kauli iliyo salama na ya kweli ni haionekani. Na sababu ikijulikana kuwa ni njia, haifikiki.